Simiyu kwa Baiskeli: Njia za Bonde, Afya ya Moyo na Usalama wa Mwendeshaji

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, unafahamika zaidi kwa pamba kuliko kwa utalii. Msafiri wa basi atokaye Shinyanga kuelekea Lamadi huuvuka kwa saa chache, na afikapo hukumbuka lami, vituo vya mabasi na malori yaliyosheheni marobota. Mwendeshaji wa baiskeli huuona mkoa mwingine. Huyaona majabali ya matale yakibadilika rangi jua linapopanda, huusikia mlio wa njuga za ng'ombe kabla ya kumwona mchungaji, na hupata muda wa kuitikia “Mwangaluka” asubuhi na “Mwadila” jioni kwa kila anayepishana naye.

Makala haya yanaeleza njia tatu ambazo mwendeshaji anaweza kuzifuata akianzia mjini Bariadi, pamoja na mambo ya kitabibu anayopaswa kuyazingatia katika kila moja. Sababu ya daktari kuandika juu ya baiskeli ni moja. Katika kliniki ya magonjwa ya ndani, wagonjwa wengi wenye shinikizo la juu la damu hueleza historia inayofanana: walipokuwa vijana walikwenda shambani, mnadani na kisimani kwa baiskeli, sasa huenda kwa pikipiki. Chakula chao hakikubadilika sana. Kilichobadilika ni kazi ya miguu.

Ardhi isomwayo kwa magurudumu

Wasukuma wana majina ya udongo ambayo mwendeshaji hujifunza maana yake kwa misuli ya mapaja. Juu, karibu na majabali, kuna luseni, udongo mwepesi wa kichanga ambao gurudumu huzama wakati wa kiangazi. Chini yake kuna itogolo, udongo mgumu uliokazana, ambao ukikauka huteleza baiskeli kama sakafu. Bondeni kabisa kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi hupasuka nyufa, na masika hugandamana kwenye tairi na breki mpaka baiskeli ikakataa kwenda. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani mkoani Tanga, aliwaeleza wanasayansi wa dunia kwamba udongo wa Afrika Mashariki hufuatana mteremkoni kama pete za mnyororo. Mkulima wa Usukuma alikuwa akiyajua hayo kwa jembe lake.

Kwa sababu hiyo msimu unaofaa kwa safari ndefu ni kuanzia Juni hadi Septemba. Mvua zimekwisha, njia za mbuga zimekauka, na mashamba ya pamba yamefunguka meupe pande zote mbili za njia. Ni wakati huohuo ambapo mwendeshaji atakutana na wenzake wa kazi: baiskeli za Phoenix zenye magunia ya pamba kwenye karia, mwenyewe akisukuma kwa mkono mmoja usukani na kwa mwingine mzigo.

Kati ya vijiji zipo ngitili, maeneo ya malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili nyasi na miti vikue, kisha yakafunguliwa kiangazi. Utaratibu huu wa kale ulihuishwa na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, wakati Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado wilaya za Mkoa wa Shinyanga. Mwendeshaji apitaye kando ya ngitili saa sita mchana hutambua thamani yake mara moja, kwa kuwa hapo ndipo penye kivuli. Apumzike, lakini asikate njia katikati yake bila idhini ya wenyeji.

Njia ya kwanza: Bariadi hadi Lamadi

Hii ni njia ya lami yenye urefu wa kilomita 71.8. Hupita Dutwa, huingia Wilaya ya Busega na kuteremka taratibu kuelekea Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, lililo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, mtu mwenye mazoezi huimaliza kwa chini ya saa tano, bila kuhesabu mapumziko. Lamadi ni mji wa njia panda ambapo barabara hii hukutana na ile ya Mwanza na Musoma, na si mbali na hapo kuna lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Baiskeli iishie nje ya lango.

Hatari ya njia hii ni magari. Lami imewanufaisha wakazi kwa mengi, likiwamo la mama mjamzito kufika hospitali mapema, lakini imeongeza pia tofauti ya mwendo kati ya basi na baiskeli. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa ajali za barabarani ziliua watu milioni 1.19 duniani mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Anayetumia njia hii aondoke alfajiri kukipambazuka, avae nguo ya rangi ya kung'aa, aweke viakisi mwanga nyuma na kwenye spoki, na asiendeshe baada ya jua kuzama.

Kofia ngumu ni ya lazima. Uchambuzi wa tafiti uliofanywa na taasisi ya Cochrane ulionyesha kuwa kofia hupunguza majeraha ya kichwa na ubongo kwa waendesha baiskeli kwa asilimia 63 hadi 88. Mfupa wa mguu ukivunjika Dutwa, unaweza kutibiwa na mtu akarudi shambani. Ubongo ukivuja damu, kila dakika ya safari ya kumfikisha mgonjwa kwa daktari wa upasuaji ina gharama yake.

Njia ya pili: Bariadi hadi Maswa

Njia hii nayo ni ya lami, kilomita 49.7, na inafaa kwa anayeanza. Uzuri wake uko katika vijia vya udongo vinavyochepuka kutoka barabara kuu kwenda vijijini, na katika Bwawa la New Sola, ambalo wenyeji huliita pia Zanzui, linaloupatia maji mji wa Maswa. Asubuhi ndege wa majini hutua kwa makundi, na ukingo wake ni mahali pazuri pa kupumzisha macho.

Macho tu. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo ya nchi yenye kichocho kingi, na malambo, mabwawa na kingo za ziwa ndiyo makazi ya konokono wanaobeba vimelea vyake. Kimelea hupenya ngozi isiyo na jeraha lolote, kwa dakika chache tu za kuosha miguu au kusafisha baiskeli majini. Mwendeshaji mwenye vumbi na jasho hujaribiwa sana na maji yaliyotulia. Asafishe baiskeli kwa maji ya bomba au ya kisima. Aliyekwisha kuingia majini, na baada ya wiki kadhaa akaona damu katika mkojo au kinyesi, au akapata homa isiyoeleweka, aende kituo cha afya na aeleze safari yake. Dawa ya prazikwanteli ipo na inaponya.

Njia ya tatu: Itilima na Meatu

Hii ndiyo njia ya baiskeli za milimani, zenye tairi pana na gia. Huelekea Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima, kisha kusini hadi Mwanhuzi wilayani Meatu, kwa barabara za udongo na vijia vya ng'ombe. Isifanywe kwa siku moja na mtu asiyezoea, wala isifanywe na mtu peke yake.

Mwendeshaji atauvuka Mto Simiyu, ambao kiangazi ni ukanda mpana wa mchanga ambapo watu huchimba visima vifupi kupata maji. Mvua ikinyesha mbali mashariki, mto huweza kujaa ghafla chini ya anga kavu. Asijaribu kuvuka maji yanayokwenda. Mbele zaidi, bila alama yoyote ya barabarani, huvuka pia mpaka wa mabonde mawili makubwa. Maji ya Mto Simiyu huenda Ziwa Victoria na hatimaye Mto Nile. Maji ya kusini mwa Meatu huelekea Mto Sibiti na Ziwa Eyasi, ambalo halina pa kutokea.

Upande wa mashariki wa njia hii kuna Pori la Akiba la Maswa. Wanyama hutoka, hasa tembo, na baiskeli haina mlio wa kuwatahadharisha. Ulizeni kila kijiji habari za siku hiyo kabla ya kuendelea. Mbung'o, wanaoweza kueneza malale, huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Vaeni nguo nyepesi za mikono mirefu zenye rangi ya kaki. Kifutu hulala kijiani bila kukimbia. Aliyeumwa na nyoka asifungwe kamba, asichanjwe wala asinyonywe jeraha. Atulizwe, kiungo kifungwe kijiti kisitikisike kama mfupa uliovunjika, na apelekwe hospitali.

Mwili wa mwendeshaji

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Nusu saa ya baiskeli kwa siku tano hutimiza kiwango cha chini. Kipimo rahisi cha wastani ni hiki: uweze kuzungumza, lakini usiweze kuimba.

Ushahidi wa faida zake ni mwingi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2017, uliowafuatilia zaidi ya watu 260,000, ulibaini kuwa waliokwenda kazini kwa baiskeli walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia 41 ikilinganishwa na waliokwenda kwa gari au usafiri wa umma. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kuwa baiskeli pekee ndiyo sababu, lakini unaafikiana na tuyajuayo kuhusu moyo. Karibu zaidi na kwetu, Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, ambao baadhi ya jamaa zao wanaishi Meatu, walipopimwa kwa vifaa vya mapigo ya moyo walikutwa wakifanya kazi ya wastani hadi nzito kwa takriban dakika 135 kila siku, na shinikizo la juu la damu lilikuwa haba kwao. Kinyume chake, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kuwa takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini Tanzania ana shinikizo la juu la damu.

Kabla ya safari ndefu, mwenye shinikizo, kisukari au maumivu ya kifua amwone daktari. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari abebe kitu kitamu, na ajue dalili za sukari kushuka: kutetemeka, jasho la baridi na kuchanganyikiwa. Maji yanywewe kidogo kidogo kabla kiu haijakolea. Mtu akiishiwa maji, lita moja ya maji safi yenye vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi humrejeshea nguvu. Anayeacha kutoka jasho juani, akaanza kuweweseka na mwili kuwa moto, ana dharura: awekwe kivulini, amwagiwe maji, apepewe na apelekwe hospitali.

Kwa chakula hakuna haja ya biskuti za dukani. Michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, ni vyepesi kubeba, haviharibiki njiani na hutoa nguvu taratibu.

Baiskeli nayo ikae sawa na mwili. Kiti kiwe na urefu ambao goti hubaki limekunjika kidogo pedali inapofika chini kabisa. Kiti kifupi huumiza goti, kirefu huumiza kiuno. Ganzi ya vidole viwili vya mwisho vya mkono ni dalili ya mshipa wa fahamu kubanwa na usukani: badili mshiko mara kwa mara. Ganzi ya sehemu za siri ni onyo la kiti kibaya, na isivumiliwe kwa aibu.

Nafasi ya baiskeli barabarani

Usukuma ni nchi ya baiskeli. Katika sherehe zake, mbio za baiskeli husimama bega kwa bega na mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, na wanawake nao hushindana. Urithi huu haujafa, lakini unasogezwa pembeni na injini. Mzazi anayeweza humnunulia kijana pikipiki, na baiskeli huachiwa asiye na uwezo. Hivyo mazoezi ambayo nchi nyingine hutumia fedha nyingi kuyarudisha, sisi tunayaacha yaondoke huku tukidhani tunaendelea.

Hatuwezi kumshauri mgonjwa apande baiskeli ikiwa barabara ya kwao haimlindi. Wahandisi wanaopanga matengenezo wafikirie mabega mapana ya barabara karibu na miji, shule na minada. Halmashauri zitambue vijia vinavyounganisha vijiji na kuvitunza kama barabara. Walimu wafundishe watoto kupanda baiskeli upande wa kushoto, mmoja nyuma ya mwingine. Nasi madaktari, tunapomwandikia mgonjwa dawa za shinikizo, tumuulize pia swali ambalo halimo katika fomu zetu: baiskeli yako iko wapi? Mara nyingi iko nyuma ya nyumba, imeegemea ukuta, tairi moja halina upepo. Fundi aliye chini ya mti sokoni huziba pancha hiyo kwa muda mfupi.