Mashindano Yasiyo na Refa: Tanga Dogo kwenye Maziwa ya Bara

Ziwa Nzilo, kaskazini ya Kolwezi, ni mtoto wa migodi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mto Lualaba ulizibwa ili migodi na viwanda vya Union Minière du Haut-Katanga vipate umeme. Bwawa likaitwa Delcommune, na maji yakatanda nyuma ya ukuta wake katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 200. Watu wa mkoa wa Lualaba wanalijua ziwa hili kwa samaki na kwa umeme. Mimi nalitazama kwa upepo wake. Mvua zikishakatika, kuanzia Mei hivi, hewa ya kusini-mashariki hupita juu ya nyanda hizi siku nenda siku rudi: hujikusanya jua likipanda na kulegea magharibi ikikaribia. Kwa mtu wa mashua ndogo za tanga, huo ni upepo wa kutosha.

Swali ambalo hunirudia kutoka kwa wasomaji wa huku, kuanzia Dilolo mpakani hadi Kolwezi, ni kama mchezo huu si wa watu wa pwani tu. Sivyo. Naivasha, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, kuna klabu ya tanga juu ya maji baridi yenye viboko, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Uganda wana klabu Entebbe na nyingine Kaazi, nje kidogo ya Kampala, zote kando ya ziwa Victoria. Bujumbura kuna klabu iitwayo Cercle Nautique kwenye ziwa Tanganyika. Hata Angola, ambayo mtu wa Dilolo huiona ng'ambo tu, ilipeleka mashua ya aina ya 470 kwenye Olimpiki ya Tokyo, na katika mashindano hayo hayo Deizy Nhaquile wa Msumbiji alikimbia peke yake katika mashua ya aina ya Laser yenye tanga dogo. Watu wa namna hiyo hulelewa na vijiklabu vyenye mashua kumi na mbili, maboya matatu na honi moja.

Tuanze na vyombo. Kinachoitwa mashua ndogo hapa ni chombo kisicho na mkuku mzito. Badala yake kina ubao unaoshushwa majini kupitia tundu la katikati ili kisisukumwe kando, na kinachokizuia kupinduka ni uzito wa watu waliomo. Wale wadogo, hadi miaka 15, hutumia Optimist, kijichombo cha mita 2.3 chenye omo butu, kilichochorwa na Mmarekani Clark Mills mwaka 1947 ili mtu aweze kukiunda mwenyewe kwa plaiwudi. Fundi seremala mzuri wa Kolwezi hashindwi kuunda kimoja akipewa michoro na gundi ya kweli. Wakubwa wana Laser, ambayo tangu 2019 huandikwa ILCA katika mashindano rasmi. Ilichorwa na Bruce Kirby wa Kanada, ina urefu wa mita 4.23 na tanga moja la mita za mraba 7 hivi, na watu wawili huibeba hadi majini bila kuhema. Kuna nyingine nyingi, za watu wawili wawili, kama Enterprise yenye matanga ya buluu na Fireball iliyo bapa kama sinia. Zote zinafuata kanuni zile zile.

Kanuni hizo ndizo zinazonifanya niupende mchezo huu kuliko mwingine wowote, kwa kuwa hauna refa anayekimbia na filimbi. Kamati hukaa kwenye boti yake, huanzisha mbio na kuandika wanaomaliza. Yanayotokea katikati ya ziwa, nusu kilomita kutoka kwao, ni juu ya wenye mashua wenyewe. Kanuni hutolewa na shirika la dunia, World Sailing, na hurekebishwa kila baada ya miaka minne. Kijitabu chake ni kinene, lakini mwanafunzi akijua mambo manne anaweza kushindana Jumapili ijayo.

La kwanza: mashua inayopokea upepo kwa mkono wa kulia ina haki ya njia mbele ya inayoupokea kwa mkono wa kushoto. La pili: mbili zikienda sambamba, upepo mkono mmoja, iliyo joshi, yaani upande upepo unakotoka, huiepuka iliyo demani, kwa sababu iliyo joshi ndiyo yenye hewa safi na nafasi ya kuchagua. La tatu: aliye nyuma humwepuka aliye mbele. La nne ni la boya: wanaofika pamoja humwachia aliye upande wa ndani nafasi ya kuzunguka, na hesabu ya "kufika pamoja" huanza urefu wa mashua tatu kabla ya boya. Hapo ndipo kelele nyingi huzaliwa.

Ukikosea? Unajiadhibu. Ukigusa boya, unajitoa kando na kuzungusha mashua mara moja kamili. Ukimzuia mwenye haki, unazunguka mara mbili, huku wenzako wakikupita mmoja mmoja. Usipofanya hivyo, uliyemkosea hupaza sauti pale pale kwamba atalalamika, na jioni mnakaa mezani. Nimekaa kwenye meza hizo. Vifuniko vya soda hugeuka mashua, kijiko cha chai huonyesha upepo, na watu wawili waliotoka majini wakiwa hawasemezani husogeza vifuniko hatua kwa hatua hadi kila mmoja aone alikuwa wapi. Shahidi huitwa, kamati huamua, aliyekosea hufutwa katika mbio zile. Mara nyingi mkosaji huona kosa lake kwenye vile vifuniko kabla hajahukumiwa. Kijana aliyezoea kuzunguka mara mbili pasipo mtu wa kumlazimisha amejifunza jambo ambalo shule nyingi hulihubiri bila kulipata.

Sasa mwanzo wa mbio, kwa maana nusu ya matokeo huamuliwa hapo. Kamati hutia nanga boti yake, na upande wa pili huweka boya. Kati ya viwili hivyo ndipo mstari ulipo, ukikaa mkabala na upepo. Honi inalia, bendera ya aina ya mashua inapanda: dakika tano. Honi ya pili na bendera ya pili: dakika nne. Kisha bendera hiyo ya pili inashuka kwa mlio mrefu: imebaki dakika moja. Ya kwanza ikishuka, mbio zimeanza. Kinachohesabiwa ni bendera wala si honi, maana sauti huchelewa kufika na honi huweza kugoma.

Katika dakika hizo tano, mgeni huzunguka-zunguka akiwatazama wengine. Mzoefu ana kazi. Kwanza hufika katikati ya mstari, huelekeza omo moja kwa moja upepo unakotoka na kuliacha tanga lipepee. Mstari ungekuwa sawa kabisa, omo isingeelemea upande wowote. Lakini karibu kila mara huelemea, ama kwenye boti ya kamati ama kwenye boya, na upande huo ndio ulio karibu zaidi na upepo: anayeanzia huko ameshatangulia kabla hajaenda hata mita moja. Kisha hutafuta alama mbili nchi kavu, tuseme mti na paa la bati, zinazopangana sawasawa anapokuwa juu ya mstari, ili katika msongamano ajue yuko wapi bila kuona ncha zote mbili. Sekunde thelathini zikibaki hujitengenezea nafasi tupu upande wa demani, huweka tanga legelege, na sekunde kumi za mwisho hulivuta na kuondoka kwa kasi. Anayevuka mapema huitwa arudi. Hakuna kitu kinachoumiza kama kurudi nyuma ya mstari huku kundi zima likikupita.

Baada ya hapo ni kupiga mbisho. Mashua haiwezi kwenda usoni mwa upepo. Huenda upande, takriban nyuzi 45, kisha hugeuka na kwenda upande mwingine, hadi boya la juu. Hapa mashua ndogo hutofautiana na mashua za Lamu na ngalawa za Unguja, ambazo nazo zina mashindano yake ya fahari. Kwa tanga la foromali, kubadili upande ni kazi: foromali na tanga lake vinapaswa kuvushwa upande wa pili wa mlingoti, kwa hiyo nahodha huchagua mwendo mrefu na kuubadili mara chache. Laser hugeuka kwa sekunde chache. Ndiyo maana dereva wake anaweza kucheza na kila mgeuko mdogo wa upepo, na ziwa la bara, lililozungukwa na vilima na miti, hugeuza upepo wake kila dakika chache.

Hesabu yake haina uchawi. Chukua mashua mbili zilizo sawa kabisa mbele ya upepo, zikiachana mita 100 kwa upana. Upepo ukigeuka nyuzi 10 kuelekea upande wa mojawapo, hiyo ghafla iko mita 17 karibu zaidi na upepo kuliko mwenzake. Mita 17 ni urefu wa Laser nne. Hakuna tanga jipya, wala misuli, vinavyoweza kununua urefu wa mashua nne kwa sekunde moja. Kwa hiyo kanuni ya kupanda kuelekea boya ni fupi: upepo ukikupa, yaani ukikuwezesha kuelekeza omo karibu zaidi na boya, endelea, ukikunyima, ukakusukuma mbali, geuka. Dira ndogo husaidia. Macho husaidia zaidi, maana upepo huacha alama majini: pale unapogusa maji huwa meusi na yenye mikunjo. Mvuvi wa Nzilo anayesoma maji kila alfajiri angekuwa nusu ya njia kabla hajagusa usukani wetu, na kama ningeombwa kutafuta wanafunzi wa kwanza ningeanzia kwa watoto wake.

Klabu changa mara nyingi huwa na mashua za aina tano tofauti. Basi hutumika namba za ulinganifu, maarufu zikiwa zile za Waingereza ziitwazo Portsmouth. Kila aina ina namba yake. Ya Laser iko karibu 1100, ya Optimist imepita 1600. Dakika za kila mmoja huzidishwa mara 1000 na kugawanywa kwa namba hiyo. Tuseme Laser yenye 1100 imemaliza kwa dakika 44: inapewa dakika 40. Mtoto kwenye Optimist, tuifanye 1650, amemaliza kwa dakika 65: anapata dakika 39 na sekunde 24. Mtoto ameshinda, ingawa alifika wakati wakubwa wanakunja matanga. Pointi nazo huhesabiwa kinyume na soka: wa kwanza hupata 1, wa pili 2, na mwenye jumla ndogo mwisho wa msimu ndiye bingwa. Kwa kawaida matokeo mabaya kuliko yote hutupwa, ili mtu aliyepinduka siku moja asikate tamaa mwaka mzima.

Kupinduka kwenyewe hakutishi. Unapanda juu ya ule ubao wa chini, unavuta ukingo, mashua inasimama. Kinachotisha ni kukaa majini bila jaketi la kuokolea, na hilo halina mjadala, awe bingwa au mgeni. Mabwawa yana hatari zake pia: visiki vya miti iliyofunikwa na maji, kina kinachopanda na kushuka kwa matakwa ya mitambo, na nyavu za wavuvi, ambao wana haki kwenye ziwa kabla yetu na wanapaswa kuulizwa kabla boya halijatiwa. Majira ya mvua, kuanzia Oktoba, huleta radi za Katanga. Mlingoti wa alumini katikati ya maji tambarare ndicho kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu. Ngurumo ya kwanza ikisikika, mbio zinafutwa na watu wanarudi, hata aliyekuwa anaongoza.

Kuna somo jingine kutoka Kenya. Bwawa la Nairobi, karibu na Kibera, lilikuwa na klabu yake ya tanga, na watu walishindana pale mwisho wa wiki ndani ya jiji. Majitaka na taka ziliingia, gugumaji likafuata, na uso wa maji ukafunikwa kiasi kwamba hapakuwa tena na mahali pa kupitisha mashua. Wenye klabu hawakuwa na uwezo wa kuuzuia mji mzima. Huku kwetu, ambako kila mto una mgodi mahali fulani juu yake, watu wenye sababu ya kuwa juu ya maji kila wiki na kuona rangi yake ikibadilika ni watu wa kuwa nao.

Kwa kikundi kinachotaka kujaribu Nzilo, ningeshauri Juni. Mashua sita za aina moja zinatosha, hata zilizotumika, na ni afadhali kuliko kumi za aina kumi. Njia iwe fupi: boya la juu, boya la chini, mizunguko miwili, nusu saa basi, mbio tatu kwa siku, maana mwanafunzi hujifunza kwenye mistari ya kuanzia zaidi kuliko kwenye safari ndefu. Fedha za kwanza zisiende kwenye matanga mapya. Ziende kwenye majaketi, na kwenye boti ya injini yenye mafuta ya kutosha na mtu mmoja ambaye siku hiyo hashindani na kazi yake ni kuhesabu vichwa. Zamu hiyo izunguke kwa wote, mwenyekiti akiwemo, na jina la wa zamu libandikwe ubaoni kabla ya jina la mshindani yeyote.