Miezi Migumu Huja Baada ya Kupokelewa

Kijana wa Bukoba au Muleba akipata nafasi ya kusoma nje ya nchi, maandalizi yote huelekezwa kwenye siku ya safari: pasipoti, viza, sweta nzito, nauli iliyochangwa na ukoo, pengine na fedha za kahawa ya msimu mzima. Yote hayo ni ya lazima. Ila wengi hawayumbi siku ya safari. Huyumba miezi kadhaa baadaye, wakati nyumbani wameshaamini kwamba mtoto amezoea.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Vyuo vya ng'ambo navyo huenda hivyo. Wiki ya kwanza wapo watu wa kumpokea mgeni, kumwonyesha maktaba na bweni, na kumsaidia kufungua akaunti ya benki. Kisha wenyeji hurudi kwenye shughuli zao, alama za majaribio huanza kutoka, na mwanafunzi hubaki na jembe lake.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1955 Sverre Lysgaard wa Norway alichapisha utafiti juu ya Wanorway 200 waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright. Waliokaa kati ya miezi 6 na 18 walikuwa na hali ngumu kuliko waliokaa muda mfupi zaidi, na kuliko waliokaa muda mrefu zaidi. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba si kila mtu hupita njia hiyo. Wengine hutaabika tangu siku za mwanzo. Hata hivyo somo moja limebaki: ugumu unaokuja baada ya furaha ya kwanza ni jambo la kawaida, na mara nyingi hupita.

Chanzo chake kilielezwa vizuri mwaka 1960 na Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia ambaye miaka ya 1930 alifanya utafiti Ankole, Uganda, kwa jirani zetu wa ng'ambo ya mto Kagera. Alisema mgeni hulemewa kwa sababu amepoteza alama ndogo ndogo zinazomwongoza mtu kwao bila kufikiri: lini aamkie, lini anyamaze, lini akubali mwaliko. Muleba, mtoto hampiti mtu mzima njiani bila kumsalimu. Stockholm, Sweden, watu wa jengo moja wanaweza kupishana ngazini kimya, na hakuna aliyekosewa. Mwanafunzi wetu hudhani amedharauliwa, naye huanza kujifungia chumbani.

Darasani hali ni hiyo hiyo. Huku kwetu wengi tumelelewa kunyamaza mbele ya mwalimu kama adabu. Huko Sweden mhadhiri huitwa kwa jina lake la kwanza, na anataka kusikia mwanafunzi anampinga kwa hoja. Anayenyamaza huonekana hakusoma. Inafaa aanze kidogo: aandike swali moja kabla ya kipindi, aliulize.

Kisha kuna mwili. Bukoba, karibu na mstari wa Ikweta, jua huchomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni, mwaka mzima. Uppsala, Sweden, mwezi Desemba, huchomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa mchana. Saa ya ndani ya mwili hurekebishwa na mwanga. Ukipungua, usingizi huvurugika na moyo hulegea. Asiyejua sababu hujiona mvivu. Atoke nje mchana kila siku, hata kama kuna baridi.

Watu wa mkoa wetu wa Kagera wameipita njia hii. Askofu Josiah Kibira alisoma Bethel, Ujerumani, na Boston, Marekani, na mwaka 1977 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Profesa Anna Tibaijuka, mzaliwa wa Muleba, alisomea uchumi wa kilimo Uppsala, kisha akaliongoza shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, UN-Habitat, hadi mwaka 2010. Tunawasimulia vijana kilele hicho, lakini tunasahau kuwaambia kwamba kabla ya kilele kuna miezi ya kupanda.

Familia ina nafasi kubwa hapa. Sikiliza simu nyingi za nyumbani: "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Masomo yanaendaje?" "Vizuri." "Unakula?" "Nakula." Kisha huja habari ya ada ya mdogo wake. Kijana aliyechangiwa na ukoo mzima ataanzia wapi kusema hali ni ngumu? Mzazi amfungulie mlango mwenyewe: "Wiki hii kitu gani kimekuwa kigumu?" Akijibu, asikilizwe kwanza, mahubiri yangoje.

Mwanafunzi naye asiishi na Watanzania peke yao wala asiwakimbie. Kupika ndizi pamoja Jumapili humrudishia nguvu; timu ya mpira au kwaya ya wenyeji humfundisha alama mpya. Vyuo vingi vina wanasihi na huduma ya afya. Akipitisha wiki mbili akiwa na huzuni karibu kila siku, halali, hali vizuri, au haingii darasani, aende huko. Akifikiria kujiua, asisubiri hata siku moja.

Basi, ukoo unapokaa kuchangia nauli, ukubaliane na jambo jingine siku hiyo hiyo: nani atampigia kijana simu kila wiki hadi mwaka wa kwanza uishe, bila kumwomba fedha wala kumdai matokeo. Mtu huyo atajwe kwa jina, na kijana amjue kabla hajaondoka.