Mashua ya safari ndefu hupangwa kwa ajili ya bahari, si bandari

FAMILIA inayonuia kuvuka bahari kwa mashua ya matanga aghalabu huanza kwa kukagua matanga, mlingoti na mkuku. Linalosahaulika ni kwamba sehemu kubwa ya safari hiyo haipitishwi juu ya sitaha bali chini yake, katika nafasi isiyozidi sebule ndogo, watu wakilala na kupika huku watoto wakisoma.

Ni humo ndani ambamo safari nyingi hufaulu au kuvunjika. Mzazi aliyekosa usingizi kwa siku tatu hukosea njia, na mtoto aliyeunguzwa na maji moto katikati ya bahari yuko mbali na hospitali.

Uzito wa suala hili ulidhihirika Agosti 1979 katika mashindano ya Fastnet, ambapo mashua 303 ziling'oa nanga Uingereza kuelekea mwamba wa Fastnet, kusini mwa Ireland. Dhoruba kali ilizikumba na washindani 15 wakafariki. Mashua 24 ziliachwa na mabaharia wake, lakini ni tano tu zilizozama. Nyingine 19 zilipatikana baadaye zikiwa zingali zinaelea.

Uchunguzi uliofuata ulibaini kwamba katika baadhi ya mashua, betri, majiko na makopo ya chakula yalikuwa yameng'oka na kurushwa huku na huko. Chombo kinaweza kustahimili mawimbi, lakini ndani yake pakawa hapakaliki tena.

Licha ya funzo hilo, mashua nyingi zinazouzwa hubuniwa kwa mapumziko ya siku chache. Huwa na sebule pana na vitanda vikubwa, na zikitulia bandarini huvutia macho. Hata hivyo, mashua ya matanga husafiri ikiwa imeinama upande mmoja, pengine kwa siku nyingi mfululizo. Hapo upana ule hugeuka hatari, kwa kuwa anayeteleza hana cha kushika hadi agonge ukuta wa pili.

Kwa hivyo, anayepanga upya sehemu ya ndani hana budi kupunguza uwazi huo. Vishikio huwekwa darini na kandoni kiasi kwamba mtu, hata mtoto, anaweza kutembea kutoka omo hadi tezi bila mkono wake kukosa cha kukamata. Pembe za meza nazo huviringwa.

Baada ya hapo huja usingizi. Kitanda kilichoko omo hupendeza mashua ikitia nanga, ila baharini hurushwa juu na chini kwa kila wimbi. Mahali tulivu zaidi ni katikati ya chombo. Kitanda cha safarini huwa chembamba, upana wa takriban sentimita 60, na ubavu wake ulio wazi huzibwa kwa turubai imara iliyokazwa kwa kamba ili aliyelala asiporomoke.

Familia ya watu wanne huhitaji angalau vitanda vitatu vya aina hiyo, kwani mmoja wa wazazi huwa yuko zamu usiku na mchana.

Kuhusu upishi, jiko huning'inizwa kwa bawaba ili lisalie wima mashua inapoyumba, na huzungushiwa kingo za kuzuia sufuria. Sehemu ya kupikia yenye umbo la herufi U ndiyo bora, maana mpishi hupata pa kujiegemeza. Afadhali asimame kando ya jiko kuliko mbele yake, chakula kisije kikamwagikia.

Isitoshe, gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani ya mashua huteremka hadi kwenye ngama na kutuama humo, ikisubiri cheche moja tu kulipuka. Ndiyo sababu mitungi huhifadhiwa katika kisanduku kisichopitisha hewa upande wa ndani, chenye tundu la kuitoa gesi nje ya chombo.

Maji yana hesabu yake. Kutoka Mombasa hadi Ushelisheli ni takriban maili 1,000 za baharini, safari ya siku nane au tisa kwa mwendo wa noti tano. Kutoka visiwa vya Galapagos hadi Marquesas ni kama maili 3,000, yaani siku 25. Watu wanne wakitumia lita nne kila mmoja kwa siku, siku 30 zitahitaji lita 480, ambazo uzito wake ni karibu nusu tani.

Mzigo huo ukiwekwa omo au tezi, mashua hupigapiga mawimbi na kuwachosha wote. Mahali pake ni chini, katikati, karibu na mkuku, sawa na manahodha wa majahazi wanavyopanga farumi. Aidha, ni busara kuugawa katika matangi mawili au zaidi, ili moja likipasuka au maji yake yakichafuka, familia isibaki na kiu.

Katika bahari za joto, hewa ni muhimu vilevile. Mwaka 1930, mashua iitwayo Dorade ilizinduliwa nchini Marekani, na jina lake likapewa kisanduku cha sitahani kinachopitisha hewa ndani huku kikiyamwaga nje maji ya mawimbi. Kisanduku hicho kingali kinatumika.

Watoto nao wasisahauliwe. Kila mmoja anahitaji pembe yake, hata iwe finyu, yenye taa, feni ndogo na rafu ya vitabu iliyo na ukingo. Pasipo faragha, ugomvi hauna pa kukimbilia.

Kabla ya kukata mbao, inafaa familia iishi ndani ya mashua hiyo kwa siku kadhaa ikiwa safarini, kisha ijaribu mpangilio mpya kwa vipande vya kadibodi. Hatimaye ijiulize swali moja: chombo hiki kikipinduka usiku wa manane, ni kitu gani kitakachomwangukia mtoto? Chochote kitakachotajwa, kuanzia betri hadi mbao za sakafu, kifungwe kwanza. Tahadhari kabla ya hatari.