Mazoezi na Lishe: Yanayotendeka Ndani ya Seli Zetu

Alfajiri ya Jumamosi, barabara za Mbagala, Tandika na Chang'ombe huwa na sauti ya aina yake. Vikundi vya jogging hupita vikiimba, ilhali kandokando ya barabara hizohizo makarai ya maandazi yamekwisha kubandikwa jikoni. Jasho la mkimbiaji na kilichomo ndani ya karai hukutana mahali ambapo jicho haliwezi kupaona, yaani ndani ya seli. Makala haya yanaeleza nini hutokea huko, na kwa nini jambo hilo linamhusu kila mkazi wa Temeke.

Seli hubisha na kuitikia hodi

Mwili wa mtu mzima una takriban seli trilioni 30. Seli zote hazina umri mmoja. Zile zinazotandika utumbo hubadilishwa kila baada ya siku chache. Seli nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwavunjwa na mpya kuchukua nafasi yake. Seli nyekundu zinazotuzunguka leo, kwa sehemu kubwa, zimetengenezwa ndani ya miezi minne iliyopita.

Ili seli ifanye kazi, huhitaji nishati. Wali, ugali, mkate na viazi husagwa tumboni na kuwa sukari inayoingia katika damu. Insulini, homoni inayotengenezwa na kongosho, ndiyo inayobisha hodi ili mlango wa seli ufunguliwe na sukari iingie. Ndani ya seli, vijumba vidogo viitwavyo mitokondria huiunguza sukari hiyo pamoja na mafuta kwa msaada wa oksijeni, na nishati hupatikana.

Shida huanza pale chakula kinapozidi matumizi siku baada ya siku. Seli zilizojaa huacha kuitikia hodi. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi, hadi siku inapochoka. Sukari hubaki ndani ya damu na kuharibu mishipa midogo ya macho, figo na miguu. Huo ndio mwanzo wa kisukari cha aina ya pili, maradhi yanayoweza kukaa mwilini kwa miaka bila kupiga kelele.

Mazoezi hufungua mlango mwingine

Msuli unapofanya kazi, seli zake hufungua milango ya sukari hata bila insulini kubisha. Baada ya mazoezi, seli huendelea kuisikia insulini vizuri zaidi kwa saa 24 hadi 48. Kwa sababu hiyo, kutembea kidogo karibu kila siku kuna faida kuliko kukimbia sana mara moja kwa mwezi.

Anayeendelea na mazoezi kwa majuma kadhaa hupata faida nyingine. Mitokondria huongezeka katika seli za misuli, na mishipa midogo ya damu huchipua kuzizunguka. Ngazi iliyokuwa ikimtoa pumzi huanza kupandika bila taabu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Aliyezoea kupanda bodaboda kutoka kituoni hadi nyumbani anaweza kuzipata kwa kutembea tu.

Ushahidi kutoka kwetu

Haya yamepimwa hapa nchini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia watu 209 waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kuja Dar es Salaam. Katika mwaka wao wa kwanza mjini, kazi za nguvu zilipungua sana, na uzito wao uliongezeka kwa wastani wa zaidi ya kilo 2. Wengi wetu tutaitambua safari hiyo, kwa kuwa ni yetu au ya wazazi wetu.

Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti mwingine, uliofanyika Kilimanjaro na kuwahusisha wanaume 77. Wakazi wa vijijini waliozoea ndizi, maharage na mboga walipewa vyakula vya mtindo wa kizungu kwa majuma mawili, na kundi jingine la wakazi wa mjini likapewa vyakula vya asili. Waliohamia vyakula vya kizungu waliongezeka uzito, dalili za uvimbe ziliongezeka katika damu yao, na seli zao za kinga zikapungua uwezo wa kukabili vimelea. Kwa waliorudi kwenye vyakula vya asili, dalili za uvimbe zilipungua. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana majuma manne baadaye.

Uzito wa suala hili ulikwisha kudhihirika katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012. Kati ya watu wa miaka 25 hadi 64, takriban asilimia 9 walikuwa na kisukari na asilimia 26 walikuwa na shinikizo la juu la damu. Zaidi ya asilimia 95 hawakuwa wakila matunda na mboga kwa kiasi kinachoshauriwa.

Sahani ya bei nafuu

Lishe bora haihitaji duka la bei kubwa. Unga wa dona huhifadhi pumba na kiini cha mahindi, hivyo sukari yake huingia katika damu taratibu kuliko ya sembe. Maharage, kunde, choroko na dagaa huzipa seli protini ya kujikarabati. Mchicha, matembele na kisamvu vina madini ya chuma yanayohitajika kujenga seli nyekundu. Kamulia ndimu juu ya mboga, au kula chungwa, ili chuma hicho kifyonzwe vizuri. Chai isubiri saa moja baada ya mlo, kwa sababu huzuia ufyonzwaji huo.

Chipsi na soda visiwe chakula cha kila siku. Soda humwaga sukari ndani ya damu kwa ghafla, bila nyuzinyuzi za kuipunguza kasi. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ikihesabiwa na ile iliyokwisha kutiwa jikoni.

Kabla ya kuanza

Mwenye kisukari, shinikizo la damu au maradhi ya moyo azungumze kwanza na mtoa huduma wa afya, na asiache dawa kwa sababu tu ameanza mazoezi. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari awe na kitu kitamu mfukoni anapofanya mazoezi, kwani sukari yaweza kushuka ghafla.

Aliyefikisha miaka 40, au mwenye ndugu wa damu anayeugua kisukari, asisubiri kuumwa. Afike katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, apimwe sukari na shinikizo la damu. Kipimo ni tone la damu na dakika chache. Maradhi yakigunduliwa mapema, macho, figo na miguu huweza kuokolewa. Yakichelewa kugunduliwa, familia nzima hubeba mzigo.