Mlango wa Kwanza wa Tabibu Katika Mitaa ya Eastlands

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Pumwani na Kaloleni zilizojengwa zama za Mwingereza hadi Umoja, Kayole na Dandora zilizokuja baadaye, mtu aamkaye na homa huwa na mashauri matatu mbele yake: aende kwa kemisti aliye chini ya ghorofa yake, apange foleni katika zahanati ya mtaa, ama apande matatu moja kwa moja hadi Hospitali ya Mama Lucy Kibaki iliyoko kando ya Barabara ya Kangundo. Aghalabu huanza kwa kemisti, na akikosa nafuu huiruka zahanati na kuishia Mama Lucy, ambako hukuta umati wa wenzake waliofanya hesabu ile ile. Wako wanaowalaumu watu hawa kwa ujinga; mimi siwalaumu, kwa maana kibarua alipwaye kwa siku akiipoteza asubuhi nzima kwenye benchi, amepoteza na chakula cha jioni cha watoto wake. Walakini naamini kwa dhati kwamba zahanati ile ile inayorukwa, mwananchi akijua namna ya kuitumia na serikali ya kaunti ikiitunza, ndiyo ingemwokolea fedha, wakati, na pengine roho.

Matibabu nchini Kenya yamepangwa kwa ngazi sita. Ya kwanza ni nyumbani kwa mgonjwa mwenyewe, inayoshikwa na wahudumu wa afya ya jamii, ambao takriban 100,000 kati yao walipewa mwaka 2023 mikoba yenye vifaa vya kupimia presha, sukari, joto na uzito. Ya pili ni zahanati, na ya tatu ni kituo cha afya, kama vile cha Makadara, cha Bahati au cha Dandora, ambacho huwa na maabara na mara nyingi na chumba cha kujifungulia. Kuanzia ya nne ni hospitali kama Mama Lucy, na kama ile ya wazazi ya Pumwani iliyofunguliwa mwaka 1926 kwa jina la Lady Grigg, mke wa gavana wa wakati ule. Na kileleni, katika ngazi ya sita, ndipo ilipo Hospitali ya Taifa ya Kenyatta.

Atakayekupokea katika ngazi ya pili na ya tatu si lazima awe daktari wa chuo kikuu. Aghalabu ni muuguzi pamoja na afisa wa kliniki, ambaye mtaani huitwa daktari vivyo hivyo, na ambaye amesoma miaka mitatu katika chuo kama KMTC, kilichoasisiwa mwaka 1927, kisha akatumika mwaka mmoja chini ya uangalizi kabla ya kupewa leseni. Nalitaja hili kwa kuwa nimewasikia watu wakikikataa kituo cha afya kwa hoja kwamba hapana daktari pale, ilhali kikohozi, kuhara, kidonda, presha, kisukari na mimba isiyo na taabu ni mambo ambayo maafisa hawa huyashughulikia kila siku ya Mungu.

Ingia katika kituo kimojawapo asubuhi ya Jumatatu, uketi, utazame. Kila mgonjwa ameshika daftari dogo la shule, mara nyingi limevishwa jalada la plastiki, na humo ndimo yanamoandikwa maradhi yake yote tangu alipoanza kuja. Anayelipoteza huwa amepoteza kumbukumbu za siha yake. Kabla mtu wa kwanza hajaitwa ndani, muuguzi hupita mbele ya benchi akifunua shuka za watoto na kugusa vipaji vya nyuso. Akimwona mtoto anayehema, humwomba mama ampandishe fulana hadi shingoni, kisha, macho yake yakienda baina ya saa na kifua, huhesabu kwa dakika nzima jinsi kifua kile kinavyopanda na kushuka. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa aliyetimiza mwaka lakini hajafika miaka 5, humtia muuguzi shaka ya nimonia. Na sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani kila mtoto avutapo pumzi, huyo hapangi foleni tena. Kadhalika asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila anachopewa, aliyeshikwa na degedege, au aliyelegea hata haamki akiitwa, hupelekwa mbele ya wote.

Hapo ndipo manung'uniko huanza, kwa kuwa waliofika alfajiri humwona mtu wa saa nne akiingia kwanza, wakadhani pana upendeleo. Ukweli ni kwamba katika nyumba ya tabibu zamu haipimwi kwa kuwahi bali kwa uzito wa maradhi, na mama mwenye mtoto wa dalili nilizozitaja asione haya hata kidogo: asiketi kimya kwa adabu mwisho wa benchi, bali amwendee muuguzi papo hapo na kumwambia alichokiona. Hali ni hiyo hiyo kwa mjamzito anayevuja damu, au anayeumwa sana na kichwa huku macho yakiona ukungu, na kwa mtu mzima ambaye mdomo umempinda ghafla au mkono mmoja umekufa ganzi.

Kemisti hana muuguzi wa namna hiyo. Mtu hueleza kwenye kaunta kwamba mwili unauma na joto limepanda, naye hufungiwa dawa ya malaria, au huambiwa ana taifodi, akaondoka na vidonge vinne vya antibiotiki kwa kuwa ndivyo fedha zake zilivyotosha. Hakika ni kwamba Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kwa baridi yake malaria haienei humu kama inavyoenea kandokando ya Ziwa Victoria au huko Pwani. Mkazi ambaye hajasafiri siku za karibuni, homa yake ina uwezekano mkubwa wa kutoka kwenye koo, mapafu au njia ya mkojo. Katika kituo cha afya tone moja la damu huthibitisha au hukanusha malaria kwa muda wa robo saa au dakika ishirini hivi. Ama taifodi, kile kipimo kikongwe cha Widal kinachopendwa sana mitaani huweza kumhukumu mtu aliyeugua zamani akapona, na nusu dozi ya antibiotiki iliyomezwa kwa hukumu hiyo haimtibu mgonjwa, bali huvifunza vijidudu kuistahimili dawa.

Kuhusu ada, sera yetu imegeuka mara nyingi. Mwaka 1965 serikali huru ilizifuta. Mwaka 1989 zikarejeshwa kwa jina la kuchangia gharama. Mwaka 2004 zikateremshwa hadi shilingi 10 katika zahanati na 20 katika kituo cha afya. Na Juni 2013 zikaondolewa katika ngazi hizo mbili. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya NHIF, iliyodumu tangu 1966, imerithiwa na mamlaka mpya ambayo kila mtu huiita SHA, na hapa pana jambo ambalo wengi wa jirani zangu hawajaelezwa vizuri. Mchango wa kila mwezi, ambao ni asilimia 2.75 ya mapato na haupungui shilingi 300, ndio unaogharamia kulazwa na matibabu ya hospitali kubwa. Lakini huduma za zahanati na kituo cha afya hulipwa kutoka mfuko mwingine, wa kodi ya umma, na anayezihitaji hatakiwi kuwa amechanga, bali kuwa amejisajili. Kujisajili ni kwa simu, *147#, au kupitia mhudumu wa afya ya jamii, au katika Huduma Centre ya Makadara, ukiwa na kitambulisho, na watoto waandikishwe pamoja na mzazi. Sitaficha kwamba huduma hiyo ya bure mara nyingi huishia dirishani pa dawa, mgonjwa anapoambiwa dawa zimekwisha akanunue nje. Na mbunge au mwakilishi wa wadi ajaye kuomba kura aulizwe habari za dirisha hilo kabla ya habari za barabara.

Dharura ina hukumu yake peke yake. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 ikafafanua kuwa matibabu hayo ni pamoja na huduma ya njiani, kumtuliza mgonjwa asizidiwe, na kumpangia rufaa pale kituo kinapokosa uwezo. Kituo kitakachokaidi kinaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 3. Sheria hiyo ilikuja baada ya msiba wa Oktoba 2015, ambapo mtu aliyegongwa na gari alizungushwa ndani ya ambulensi kwa saa 18 akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, hata akafariki. Kwa hiyo mlangoni pa hospitali yoyote, ya umma au ya binafsi, anayedaiwa amana kabla majeruhi hajaguswa ana haki ya kuitaja sheria hiyo kwa sauti. Na ambulensi ya Msalaba Mwekundu huitwa kwa nambari 1199.

Linalonitia uchungu kuliko yote ni usiku. Zahanati zetu nyingi hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na Jumamosi na Jumapili hazifunguliwi, ilhali mtoto huzidiwa saa tano za usiku, wakati ambapo matatu zimepungua na mama anaogopa vichochoro. Kwamba jambo hili lina dawa si ndoto: katika Barabara ya Juja, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka liliweka chumba cha majeruhi kwa ajili ya watu wa Mathare na Eastlands, pamoja na simu ya bure na ambulensi zilizoingia mitaani usiku na mchana. Baina ya 2020 na 2022 taasisi ya serikali ya Nairobi Metropolitan Services, chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi, ilijenga vituo vipya katika mitaa ya mabanda, kwa hiyo majengo si haba kama yalivyokuwa. Waliopungua ni wauguzi wa zamu ya usiku na mishahara yao. Kaunti na ichague walau kituo kimoja katika kila eneo bunge la Eastlands kikeshe, kiwe na muuguzi, afisa wa kliniki, oksijeni na gari la rufaa, na jina la kituo hicho pamoja na nambari yake ya simu libandikwe kwenye mlango wa kila zahanati inayofungwa jioni.