Kuteguka Kifundo cha Mguu si Jambo Dogo



Kila mwaka Mei Mosi inapokaribia, matawi yetu huunda timu za mpira. Mwashi, karani, dereva na mpishi huvaa jezi moja, na hilo ni jambo jema. Lakini baada ya mechi baadhi yao hurudi kazini wakichechemea, na wengine hawarudi kwa majuma kadhaa. Kibarua anayelipwa kwa siku hapati kitu siku asiyofika. Kwa hiyo tumeona yafaa tueleze jeraha moja lililo la kawaida sana viwanjani, nalo ni kuteguka kifundo cha mguu.

Jeraha lenyewe

Mifupa ya kifundo hufungwa pamoja na kano, yaani nyuzi ngumu mithili ya kamba. Mchezaji akikanyaga shimo, au akitua juu ya mguu wa mwenzake, wayo hupinduka kwa ndani na kano za upande wa nje huvutwa kupita kiasi. Zaweza kuchanika kidogo au kukatika kabisa. Damu na maji huvuja ndani, ndipo kifundo huvimba na kubadilika rangi.

Makosa tunayoyafanya

Kosa la kwanza ni kukanda kwa maji moto na kuchua siku ile ile. Joto hupanua mishipa ya damu, na uvimbe huzidi. La pili ni kuchoma sindano ya kutuliza maumivu kisha kurudi uwanjani. Maumivu yamenyamazishwa, lakini kano ingali imechanika. La tatu ni kufungwa vipande vya miti vilivyokazwa mno. Damu ikizuiwa, nyama hufa, na wako watu waliokatwa mguu kwa sababu hiyo.

Mambo ya kufanya

1. Toka uwanjani mara moja.
2. Weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa, dakika 15 hadi 20, kisha rudia baada ya saa mbili au tatu. Barafu hupunguza maumivu. Usiiweke juu ya ngozi tupu.
3. Funga bandeji kwa kiasi. Vidole vikifa ganzi au vikiwa baridi, ilegeze.
4. Lala na mguu ukiwa juu ya mito, upite usawa wa moyo.
5. Baada ya siku mbili au tatu, maumivu yakipungua, anza kuuchezesha taratibu na kukanyaga kidogo kidogo. Kulala majuma mengi hudhoofisha mguu.

Wakati wa kwenda hospitali

Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni ambayo sasa hutumika katika nchi nyingi. Majeruhi akishindwa kwenda hatua nne, au akiumia anapobonyezwa juu ya mfupa wa kifundo, upande wa nyuma au kwenye ncha yake, apigwe picha ya eksirei, kwani huenda mfupa umevunjika. Hali kadhalika akiumia juu ya mfupa wa katikati ya wayo. Mguu uliopinda au wenye kidonda kinachoonyesha mfupa usingoje kanuni yoyote.

Kuzuia

Aliyeteguka mara moja yu karibu zaidi kuteguka tena, hasa akirudi mapema. Asirudi kucheza mpaka aweze kusimama kwa mguu huo peke yake, kuruka, na kukata kona bila maumivu. Kusimama kwa mguu mmoja kila siku hufunza kifundo kujizuia.

FIFA imeeneza mazoezi ya kupasha mwili moto yaitwayo 11+. Huchukua dakika 20 hivi, nayo ni kukimbia, kukaza misuli, kusimama kwa mguu mmoja na kuruka. Hayahitaji vyombo vya gharama. Utafiti uliotolewa mwaka 2014 kuhusu timu za vijana wa Lagos, Nigeria, ulionyesha kuwa timu zilizoyafanya zilipata majeraha pungufu kwa asilimia 41. Wale walikuwa vijana wa miaka 14 hadi 19. Wengi wetu tumepita umri huo, na hatukimbii mpaka Mei Mosi ikaribie. Basi hapana budi tuanze mazoezi majuma mengi kabla ya mechi, si siku tatu.

Kazi ya tawi

Kabla ya mechi, kamati ikague uwanja na kufukia mashimo, iwe na barafu na bandeji, na ijue gari lipi litampeleka majeruhi hospitali. Ikiwa mwajiri ndiye aliyeandaa mchezo, aulizwe mapema, na ajibu kwa maandishi, ni nani atalipia matibabu na siku ambazo mchezaji hatafika kazini. Ajali ikitokea, iandikwe siku hiyo hiyo pamoja na majina ya mashahidi.

Tunaomba kila tawi lizungumze jambo hili katika mkutano wake wa kwanza wa kutayarisha michezo.