Mpini Laini Hauzibwi kwa Kitu Kigumu

Ndugu msikilizaji, juma hili naomba tuweke kando siasa na bei za bidhaa, tuzungumzie mpini. Sina maana ya mpini wa jembe. Nazungumzia mpini wa ufito wa kuvulia samaki, ule unaovikwa sponji ili mkono usiteleze. Najua wapo watakaouliza: sisi wa mjini, mipini ya wavuvi inatuhusu nini? Nawaomba subira. Sponji hiyo ni ndugu wa ndala uliyovaa leo asubuhi kwenda bafuni, na kosa nililolifanya mimi hufanyika kila siku majumbani mwetu.

Mjomba wangu anaishi Karema, mkoani Katavi, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Miaka kadhaa iliyopita alipata kiharusi, na tangu hapo vidole vya mkono wake wa kulia havikazi sawasawa. Hawezi tena kuvuta nyavu wala kukesha ziwani akifuata migebuka. Kilichombakia ni ufito mmoja, anaokaa nao kwenye mawe ya ufukweni kuvua kuhe. Mpini wake aliutengeneza fundi viatu mmoja wa Mpanda mjini. Alikata viduara vya soli za ndala, akavitoboa katikati, akavipanga kimoja juu ya kingine kwa gundi, kisha akavisugua kwa msasa mpaka vikawa mpini mmoja mnene. Unene ule na ulaini ule ndio unaomwezesha Mjomba kushika.

Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana, Mjomba aliniletea ufito huo Mpanda, niutazame. Mpini ulikuwa na kasoro tatu. Kwanza, ulikuwa na bonde, mahali ulipobanwa na kamba ya baiskeli. Pili, kulikuwa na shimo lililotafunwa na panya. Tatu, viduara viwili vilikuwa vimeachana, ufa ukaonekana. Mimi, kwa ujuaji, nilinunua supagluu, nikajaza kote, nikamrudishia siku ileile.

Mwezi Septemba alirudi. Nilipomwamkia, hakuitikia kwanza; alifungua kiganja nikaona lengelenge limepasuka. Akasema, "Marahaba. Mwanangu, umeniwekea changarawe mkononi." Kuhe alikuwa amenasa, mpini ukamchoma, vidole vikaachia. Ufito aliupata, samaki alikwenda zake.

Tulikwenda pamoja kwa fundi viatu. Yeye hakucheka. Alibonyeza mpini kwa dole gumba, akanionyesha kosa langu, nami nawaeleza nilivyoelewa.

Sponji ya ndala, ambayo wataalamu huiita EVA, ina vipovu vidogo visivyohesabika, na kila kipovu kimefungwa peke yake. Ndiyo maana hainywi maji kama sponji ya godoro, na ndiyo maana huelea. Ukiibonyeza, vipovu hubonyea kisha hurudi. Supagluu ikikauka huwa ngumu kama kioo. Basi mkono unapokaza, sponji inabonyea lakini kiraka hakibonyei. Kinasimama kama jiwe ndani ya wali, kinachoma kiganja, na pembeni yake sponji inaanza kuchanika upya. Hata ukikipiga msasa hupati kitu, kwa sababu msasa hula kilicho laini kwanza, na kigumu hubaki kimechomoza.

Sasa dawa. Fundi alianza kwa kukata kwa wembe vipande vyote vya supagluu. Kisha akashughulikia kila kasoro kwa namna yake.

Bonde halihitaji gundi. Vipovu vyake vimebanwa tu, havijapotea. Chukua kitambaa, kichovye katika maji ya moto, kikamue, ukifunge mahali hapo dakika chache. Joto hulainisha sponji, hewa iliyo ndani hutanuka, na bonde huinuka. Rudia kama ni lazima. Usitumie moto wa kibiriti wala jiko, kwani sponji husinyaa na kung'aa, na hapo umeiharibu moja kwa moja.

Ufa hutaka gundi ya viatu, ile inayobaki kama mpira ikikauka. Paka pande zote mbili, subiri mpaka isinate kidoleni, ndipo ubane kwa nguvu. Wengi hushindwa kwenye kusubiri.

Shimo ndilo lenye kazi, maana pale sponji haipo tena. Chukua kipande cha ndala ya rangi ileile, kisugue kwa msasa upate unga wake. Changanya unga huo na gundi ya viatu, ujaze kidogo kidogo, kila tabaka likauke kwanza, kwa kuwa gundi hupungua inapokauka. Acha kiraka kizidi kimo kidogo. Kesho yake anza na msasa wa namba 120, halafu 220, malizia na 400, huku ukizungusha ufito ili usichimbe upande mmoja. Shimo likiwa kubwa, kata kizibo cha sponji kinacholingana nalo, ukigandishe, unga ujaze pembeni tu.

Mwisho, mpini wa sponji huoshwa kwa sabuni na maji. Petroli na mafuta ya taa huivimbisha sponji na kuidhoofisha. Na usiuache juani bure, jua huikausha ikapasuka.

Kazi yote ilichukua siku mbili na ndala moja iliyokatika kanda. Mjomba alifumba macho, akapitisha kidole juu ya mpini mzima, akauliza kiraka kiko wapi. Fundi akamjibu kwamba hilo ndilo swali alilokuwa akilingoja.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliuziba, tena upesi, na bado nilimkosesha mzee kitoweo. Kabla ya kufungua chupa ya gundi, bonyeza kwanza kile unachotaka kukitengeneza, ujue kinavyokwenda, kisha utafute kiraka kitakachokwenda nacho. Juma lililopita Mjomba alituma salamu kutoka Karema, pamoja na kipande cha kuhe aliyekaushwa.

Hadi juma lijalo, kwaherini.